Mawe ya nyongo: bakteria nao wana kesi ya kujibu

Ukishapigwa ultrasaundi ukaambiwa una mawe kwenye mfuko wa nyongo maelezo ni yaleyale, mafuta, unene, uzazi, umri, halafu unapangiwa operesheni. Na siyo uongo, mawe mengi ni ya kolestro, ikizidi kwenye nyongo na mfuko ukawa mvivu kujikamua basi inaganda, bakteria hata hajaitwa. Hata mfuko ukivimba ghafla kawaida ni jiwe limeziba njia, bakteria wanafuata nyuma.

Ila mi naona tunawaachia kirahisi mno. Kuna mawe ya kahawia, yale yanayoonekana zaidi Asia Mashariki, hayo tangu 1966 Mjapani Maki alishaeleza kwamba bakteria kama E. koli wanatoa kimeng'enya kinachoitenganisha bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, na kile kinachoifanya iyeyuke, ikibaki peke yake inashikana na kalsiamu, jiwe hilo. Na 1995 watafiti wa Berlin wakakuta DNA ya bakteria hadi kwenye mawe ya kolestro. Sawa, anayepinga atasema kukutwa eneo la tukio siyo kufanya tukio, na ana hoja.

Sasa njoo kwenye taifodi, ambayo huku kwetu hatuhitaji kuelezwa. Wachache wanaougua, kama 3 hadi 5 kwa mia, wanabaki na vijidudu miaka na miaka bila dalili, na inakadiriwa karibu 90 kwa mia ya hao wana mawe kwenye nyongo. Tisini! Hiyo namba naigeuza kila upande. Inawezekana bakteria ndo wameleta mawe, inawezekana mawe ndo yamewapa makazi, na kiukweli ushahidi unaelemea huku kwa pili, maana panya waliolishwa mpaka wakapata mawe ya kolestro ndo walibeba vijidudu vingi zaidi, vimejifunika utando juu ya jiwe, na ndani ya utando huo antibayotiki haifiki vizuri. Lakini hata jiwe likiwa limetangulia, je bakteria kawa hana kosa? Uskoti walifuatilia watu, waliougua kwenye mlipuko wa taifodi mjini Aberdeen 1964 wakapona hawakuonyesha kuzidi kwa kansa ya mfuko wa nyongo, ila wale wabebaji wa muda mrefu walizidi sana. Yaani tatizo ni kukaa nao.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema ishu ya nani alianza ni ya maprofesa tu. Simaanishi mtu akanunue antibayotiki dukani ayeyushe mawe, haziyeyushi. Ila mgonjwa akitolewa mfuko, na ana historia ya taifodi inayorudirudi, ile nyongo na jiwe vipelekwe maabara vikaoteshwe, visiishie kwenye chupa ya kuonyesha ndugu.