Tambi za pakiti: tuogope kiwanda au tusome lebo?

Katika maduka ya Mwanjelwa jijini Mbeya, na katika vibanda vinavyozunguka vyuo vya Iringa, tambi za pakiti zinazoiva kwa dakika tatu zimekuwa chakula cha kawaida cha wanafunzi, cha vijana waliopanga chumba kimoja na, jambo linalonitia wasiwasi zaidi, cha watoto wadogo. Wanaozipinga husema kwamba zimesindikwa kupita kiasi na kwa hiyo hazifai kabisa. Wanaozitetea husema kwamba ni unga wa ngano tu, kama chapati. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja inayomsaidia mtu aliyesimama mbele ya rafu akiwa na fedha kidogo mkononi.

Tuanze na usindikaji wenyewe. Tambi hizi zilibuniwa Japani na Momofuku Ando, aliyeziingiza sokoni mwaka 1958, wakati nchi hiyo bado ikikumbuka njaa ya baada ya vita. Unga hukandwa kwa maji, chumvi na kabonati za sodiamu au potasiamu zinazozipa tambi rangi ya njano na unyumbufu. Kisha hukatwa, huivishwa kwa mvuke, na mwishoni hukaangwa kwa dakika moja au mbili katika mafuta yenye joto la nyuzi 140 hadi 160 za Selsiasi. Maji yanapotoka kwa kasi huacha vitundu vidogo vidogo ndani ya tambi, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoziwezesha kunywa maji ya moto na kulainika upesi. Lakini ndimo mafuta nayo yanamobaki: tambi zilizokaangwa huwa na mafuta ya takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kwa kawaida mafuta ya mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba. Zile zinazokaushwa kwa hewa ya moto hubaki na mafuta kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 3, ingawa huchukua muda zaidi kuiva.

Upande wa wakosoaji una ushahidi usiopaswa kupuuzwa. Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazili ndio waliogawa vyakula katika makundi manne kwa kuangalia kiasi cha usindikaji, na tambi za aina hii ziko katika kundi la nne, la vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watu 20 waliokula vyakula vya aina hiyo kwa wiki mbili na vyakula visivyosindikwa sana kwa wiki nyingine mbili, wakiruhusiwa kula mpaka washibe. Kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula kalori takriban 500 zaidi kila siku. Nao utafiti wa mwaka 2014 uliotumia takwimu za Korea Kusini uliona kwamba wanawake waliokula tambi hizi mara mbili au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na matatizo kadhaa kwa pamoja, kama kitambi, sukari nyingi katika damu na shinikizo la damu. Utafiti huo wa Korea ulilinganisha tu watu na mazoea yao, kwa hiyo hauthibitishi kwamba tambi zenyewe ndizo zilizosababisha hali hiyo.

Hata hivyo, kundi la nne ni pana mno. Mikate mingi ya viwandani imo humo pamoja na soda, na sidhani kama mama wa Njombe anayempa mwanawe mkate anastahili onyo lile lile. Hofu ya glutameti, kiungo cha kuongeza ladha, nayo imekuzwa kuliko inavyostahili: mwanakemia wa Japani Kikunae Ikeda alikitambua mwaka 1908, na kwa uzito ule ule kina sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi, pungufu sana kuliko chumvi ya mezani. Kinachopaswa kutushughulisha ni chumvi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi. Pakiti yenye miligramu 1,500, kiasi ambacho si cha ajabu kwenye lebo, inamaliza robo tatu ya kiwango hicho kwa mlo mmoja, na kijana mwenye njaa hupika mbili.

Watetezi wana hoja nyingine ambayo wataalamu wa lishe huigusa kwa nadra, nayo ina uzito wa pekee Nyanda za Juu Kusini: nishati ya kupikia. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, hivyo maharage huchelewa kuiva kuliko yanavyochelewa Dar es Salaam. Kumwambia mwanafunzi anayehesabu mkaa au mtungi mdogo wa gesi kwamba apike maharage kila siku ni kumpa ushauri usiogusa maisha yake. Maharage ya kuchemshwa mara moja na kuliwa siku mbili, au viazi mviringo vinavyoiva upesi, ni mapendekezo yenye haki zaidi.

Kwa mtu mzima anayeendelea kuzinunua, basi, nashauri alinganishe sodiamu kwa gramu 100, kwa kuwa ukubwa wa pakiti hutofautiana na huweza kumpotosha. Atafute zilizoandikwa kwamba hazikukaangwa. Asipozipata, achukue spageti ya kawaida, ambayo mara nyingi ni ngano na maji tu na huiva kwa dakika kumi hivi. Atie nusu ya kipakiti cha viungo, akijua kwamba chumvi nyingine imo ndani ya tambi zenyewe na kwamba kumwaga maji ya kuchemshia hupunguza sehemu yake. Kisha aongeze yai, usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) wa Kyela au njegere, na mboga za majani, maana protini na nyuzinyuzi ndivyo vinavyopungua zaidi katika pakiti hizi.

Kwa mtoto mdogo msimamo wangu ni mkali zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu wa takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa, na karibu nusu yao Njombe na Rukwa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Tatizo hilo lilikuwapo kabla tambi hizi hazijaenea, na si haki kuzibebesha lawama hiyo. Lakini tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na kila bakuli la tambi zenye chumvi na mafuta huchukua nafasi ya maharage, parachichi, maziwa au yai, vitu ambavyo mikoa hii huvizalisha na kuviuza kwa wengine. Mtoto huyo hajui kusoma lebo wala kupunguza viungo, kwa hiyo katika miaka yake miwili ya kwanza pakiti hiyo isipikwe kwa ajili yake.