Raba kali haziwezi Mbeya

Ukikaa kwenye ukumbi wowote wa mpira wa meza hapa Mbeya, kijana aliyepata hela ya raketi utamsikia akiuliza: Ma Long, yule bingwa wa China, anapigia raba gani (ule mpira unaobandikwa kwenye uso wa raketi)? Akishatajiwa Hurricane 3, basi, anamtuma mtu Dar. Kwa maoni yangu hiyo ni hela ya kutupa, labda awe na kocha anayemsimamia kila siku.

Hurricane 3 ni raba nzuri, sibishi. Lakini sponji yake, ile tabaka iliyo chini ya uso wa raba, ni ngumu; usipoisukuma kwa miguu na kiuno, mpira hautoki na nguvu, na wengi wetu tunapigia kiwiko tu. Baridi ya Juni ikiingia, sponji inazidi kukakamaa. Tena uso wake unanata, na vumbi la Agosti mnalijua. Cheza seti mbili, pitisha kidole kwenye ile raba nyeusi: kinaacha mstari. Ndiyo maana mtu anaipulizia pumzi na kuifuta kwa kiganja kila baada ya pointi tatu.

Halafu kuna mwinuko. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo spini, yaani mzunguko wa mpira, haiukunji mpira kama kule pwani. Topspini, yaani pigo la kuuzungushia mpira mbele, ambayo Dar ingedondokea mezani, huku inapitiliza. Ukiongeza na raba ya kasi, kazi yako itakuwa kuokota mipira ukutani.

Mshambuliaji wa kawaida namshauri raba ya uso laini usio na vipele, sponji ya ugumu wa wastani, unene wa milimita 1.8 au 2.0. Yasaka Mark V ipo sokoni tangu 1969 na bado inatosha kabisa. Upande wa bekihendi, kama unazuia tu, punguza unene zaidi. Pande mbili si lazima zifanane, isipokuwa mmoja lazima uwe mweusi na mwingine rangi angavu. (Tangu 2021 hata pinki ni halali, na vijana wameshaanza kuiulizia.)

Anayecheza mbali na meza akikata mipira, aweke raba yenye vipele virefu usoni upande mmoja, na sponji nyembamba au asiweke kabisa. Wazee wa mtindo huu wanakera! Unampa topspini, inakurudia na spini ya kinyume, unapiga wavu, naye anakutazama kwa upole.

Chenji ikibaki, nunua mipira ya mazoezi na nailoni ya kufunikia raba.