Vumbi la kaskazi: la kwetu au la ugenini?

Kaskazi ikishika, kati ya Desemba na Machi, Mombasa hugawanyika. Wapo wanaoapa kwamba utusitusi ule juu ya bahari umevushwa kutoka Bara Arabu na Bara Hindi. Wengine wanasema tuache visingizio, moshi ni wa malori ya Changamwe na taka tunazochoma wenyewe.

Wa kwanza hawabahatishi. Mwaka 1999 watafiti wa mradi wa INDOEX walipima utando wa moshi wa Asia ya Kusini uliotanda juu ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ulikozaliwa. Chembe zilizo ndogo kuliko maikromita 2.5 hukaa hewani siku kadhaa mvua isipoziosha, na kaskazi mvua ni haba.

Ila njia ya upepo haitoshi kuwa ushahidi. Programu kama HYSPLIT ya Marekani huonyesha hewa ilikopita, haisemi ilibeba nini. Hilo huulizwa chujio: kiduara cheupe kinachopimwa uzito, kikavutishwa hewa saa 24, kikapimwa tena, kisha kikachunguzwa kikemia. Vanadi na nikeli huelekeza kidole kwenye mafuta mazito ya meli. Potasiamu, kwenye kuni na majani yaliyochomwa. Hapa kwetu kuna mitego. Kalsiamu nyingi hudhaniwa ni saruji, kumbe mji wenyewe umekaa juu ya mawe ya matumbawe. Vanadi nayo si ya kutegemewa kama zamani, kwani tangu Januari 2020 salfa inayoruhusiwa kwenye mafuta ya meli ilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na mafuta yakabadilika. Anayeikosa asikimbilie kuitakasa bandari ya Kilindini.

Kulinganisha kaskazi na kusi kunavutia, lakini Januari barabara zetu pia zimekauka, na vumbi la hapa hapa linazidi. Mimi ningeweka vipimo viwili kwa wakati mmoja: kimoja ufukweni kaskazini ya mji, upepo unapotua kabla haujaugusa, kingine Changamwe. Kinachozidi Changamwe, kwa sehemu kubwa, ni chetu. Na visomwe saa kwa saa, maana usiku upepo wa bara husukuma moshi wa mjini baharini, mchana ukarudi umejifanya mgeni.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha chembe hizo ndogo, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Kwa kiwango hicho, vumbi la ugenini laweza kumeza nafasi yote kabla lori halijawashwa. Wanaolilaumu watasema basi, tufanye nini? Mimi nasoma kinyume: hatuwezi kuitoza faini jangwa, lakini malori na majaa ya taka yako chini ya sheria zetu.