Mapafu yanaumwa, kazi inaendelea: kuomba mafao ya ulemavu Marekani

Waswahili wa Marekani wana ushauri mmoja wanaoutoa haraka mno: "Kama unaumwa, acha kazi kwanza, ndipo uombe disabiliti." Wapo wengine wenye ushauri wao, nao wanausema kwa uhakika uleule: "Ukiomba huku unaingia shifti watakuona tapeli. Komaa mpaka ushindwe kabisa." Kila mmoja una chembe ya ukweli, na kila mmoja umewatia watu hasara. Nataka kuupima kwa mgonjwa wa aina moja tu, mwenye maradhi sugu ya mapafu: COPD (njia za hewa zilizoziba kwa kudumu), pumu kali isiyotulia kwa dawa, au mapafu yaliyobaki na makovu baada ya kifua kikuu, jambo ambalo wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki na Kongo tunalijua vizuri. Mgonjwa huyu anasumbua kumpima kuliko wengine, kwa sababu leo anabeba maboksi na kesho hawezi kupanda ngazi za nyumbani kwake.

Sheria yenyewe wengi wanaijua kwa kusikia. Mafao ya SSDI, yaani ya ulemavu kutoka Social Security, mfuko wa serikali wa hifadhi ya jamii, ni bima. Mfanyakazi anakatwa asilimia 6.2 ya mshahara kwa ajili ya Social Security, mwajiri anaongeza kiasi hichohicho, na humo ndimo zinamotoka pensheni za uzeeni pamoja na fedha za walioshindwa kazi kabla ya uzee. Aliyevuka miaka 31 kwa kawaida lazima awe na pointi 20 za kazi katika miaka 10 ya mwisho, na kwa mwaka hupati zaidi ya pointi nne. Aliyeingia nchini juzijuzi hana chake huko, labda SSI, ambayo ni ya wasio na kitu na ina masharti yake ya uhamiaji. Halafu tafsiri ya ulemavu ni kali: maradhi yakuzuie kufanya kazi yoyote ya kipato cha maana kwa muda usiopungua miezi 12. Yoyote, hata ambayo hujawahi kuifanya. Na hakuna ulemavu wa nusu.

Kwa anayeendelea na kazi, swali la kwanza ni la fedha. Mwaka 2025 mpaka ulikuwa dola 1,620 kwa mwezi, kabla ya makato. Ukizidi hapo, ombi linaishia mlangoni. Hakuna atakayeangalia picha ya kifua chako. Ukiwa chini yake, faili linasonga mbele.

Lakini hesabu hiyo ina mianya ambayo watu hawaambiwi. Tuseme mama mmoja analea wazee kwa dola 16 kwa saa, na amepunguza saa zake mpaka 25 kwa wiki. Kwa mwezi inamtokea kama dola 1,730, kwa hiyo kwa macho ya haraka ameshavuka. Ila kama anatoa mfukoni mwake dola 120 kila mwezi kwa ajili ya inhela na dawa nyingine za mapafu, ambazo bila hizo hawezi kusimama kazini, na bima haimrudishii, gharama hiyo inaweza kutolewa kwenye hesabu. Anabaki na 1,610. Risiti za duka la dawa, zile zinazotupwa kwenye mlango wa gari, ndizo zinazoamua kama faili lake litasomwa au la.

Upande wa serikali nao una hoja, na si vizuri kuipuuza kwa sababu tu inatuuma. Anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kufungasha mizigo ghalani, naye akiwa na mgongo mbovu, ana haki ya kuuliza kwa nini mwenzake alipwe kama asiyeweza kazi ilhali anafanya kazi. Mfuko wa bima usipokuwa na mpaka unakauka. Isitoshe, sheria haiichukii kazi kiasi ambacho watu wa mtaani wanaamini. Ukijaribu kurudi kazini ukashindwa ndani ya miezi sita kwa sababu ya maradhi, jaribio hilo linaweza lisihesabiwe dhidi yako. Ukishakubaliwa, una miezi tisa ya majaribio ndani ya miezi 60, ambamo unaweza kupata mshahara wowote bila kupoteza mafao, alimradi uripoti. Mwenye kulalamika kwamba mfumo unawafunga watu majumbani ajibu kwanza hilo.

Hata hivyo, kasoro ipo, na kwa mapafu ni kubwa. Mfumo unapenda namba, na namba kuu ya mapafu ni ile ya kupuliza. Unakaa wima, pua imebanwa kwa kibanio, unavuta hewa mpaka kifua kinajaa, kisha unailipua ndani ya mrija kwa nguvu zako zote huku mpimaji amesimama kando anakuhimiza: puliza, puliza, endelea, usiache! Wengine huishia kwenye kikohozi cha kutoa machozi, kipimo kikarudiwa. Kinachotafutwa ni lita ngapi zimetoka katika sekunde ya kwanza. Social Security ina jedwali linalolinganisha lita hizo na kimo, umri na jinsia. Kwa mtu wa kimo cha kati kiwango kinacheza karibu na lita moja na nusu. Ukishuka mpaka hapo unahesabiwa mlemavu bila mjadala mrefu. Njia nyingine ni kulazwa hospitali mara tatu ndani ya miezi 12, kila mara kwa saa 48 au zaidi, na kati ya kulazwa na kulazwa zipite angalau siku 30. Kwa pumu, namba na kulazwa huko vinatakiwa vyote viwili.

Kipimo lazima kifanywe ukiwa umetulia, na kitaalamu hilo ni sawa, kwani mtu aliyebanwa na homa ya mafua hatoi picha ya kawaida ya mapafu yake. Lakini tazama matokeo yake. Mgonjwa anapimwa siku yake nzuri, anapuliza lita mbili, karatasi inaandika "wastani". Zile siku saba za mwezi ambazo hakutoka kitandani haziingii kwenye mrija.

Maradhi ya mapafu mara nyingi hayamnyang'anyi mtu uwezo wa kufanya kazi leo. Yanamnyang'anya uhakika wa kuifanya kesho na keshokutwa. Sheria, kwa bahati nzuri, inalijua hilo hata kama makarani wake hawalikumbuki: uwezo wa kazi unatakiwa upimwe kwa kazi ya mfululizo, saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, au ratiba inayolingana na hiyo. Mbele ya jaji wa Social Security hukaa mtaalamu wa ajira, na wakili mzuri humuuliza swali moja: mfanyakazi anayekosa kazini siku mbili au tatu kila mwezi, bila taarifa, mwajiri gani atamvumilia? Jibu la kawaida ni kwamba hakuna. Kesi nyingi ambazo namba ya kupuliza haikutosha hushindwa au kushinda hapo.

Kwa hiyo kwa anayeomba akiwa bado kazini, ushahidi wenye nguvu unaweza kuwa nje ya hospitali kabisa. Uko kwenye rekodi ya mahudhurio: siku alizokosa, alizorudishwa nyumbani, alizoondoka saa sita mchana, saa zilivyopungua kutoka 40 hadi 32 hadi 25, na barua iliyosema kwa nini. Aliyeacha kazi ghafla hana rekodi hiyo. Ana neno lake na neno la daktari.

Na hapa sisi wenyewe tunajiharibia. Wabeba boksi wa Kiswahili wana uungwana wa kufunikiana. Ukibanwa kifua, unampigia mwenzako usiku, anaingia shifti yako, nawe utamlipa wiki ijayo. Sehemu nzito, kumgeuza mzee kitandani au kusukuma toroli, anaichukua yeye. Wewe unabaki na kukunja mashuka. Msimamizi haoni kitu. Ni wema wa kweli, na umeokoa kibarua cha watu wengi. Ila kwenye faili unaonekana mfanyakazi kamili, hajakosa siku, hajapunguziwa jukumu. Sheria inaruhusu mshahara uhesabiwe pungufu pale mwajiri anapokubali kwamba mfanyakazi anasaidiwa mno au anafanya kidogo kuliko anacholipwa, na Social Security humtumia mwajiri maswali kuhusu hilo. Sasa mwajiri ambaye hajawahi kuambiwa lolote atajaza nini? Ataandika kwamba kazi inafanyika vizuri.

Nikirudi kwenye ushauri wa kuacha kazi kwanza, hoja yake inaeleweka: ukiwa na kipato sifuri, swali la mpaka wa kipato halikuhusu tena. Gharama yake ndiyo haitajwi. Hata ukikubaliwa, kuna miezi mitano kamili ya kusubiri ambayo hailipwi, na Medicare, bima ya afya ya serikali, huanza baada ya miezi 24 ya kustahili mafao. Mgonjwa wa mapafu aliyekuwa na bima ya kazini akiacha kazi anaacha na inhela zake. Hilo si jambo dogo. Dawa ikikatika, kinachofuata ni emajensi. Na wengi hukataliwa mara ya kwanza, kwa hiyo miezi inageuka mwaka, pengine miaka. Kabla ya kuacha kuna likizo ya wiki 12 isiyo na malipo, inayolinda kazi na bima kwa waliofanya kazi mwaka mmoja na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Likizo hiyo inaweza kuchukuliwa kwa vipande, siku moja leo, mbili wiki ijayo, na kila kipande kinaacha maandishi. Kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka sioni kitu kinachofaa zaidi.

Ushauri wa kukomaa mpaka ushindwe kabisa nao una bei yake, iliyojificha zaidi. Mafao hukokotolewa kutokana na mishahara yako ya miaka. Anayepunguza saa kwa miaka minne akijikaza, kisha akaomba, anaweza kukuta miaka hiyo myembamba imeshusha mafao yake. Aliyehamia kazi za kulipwa mkononi zisizokatwa kodi yuko pabaya zaidi: pointi zinakauka, na siku anayoshindwa kabisa bima yake imeshakwisha muda.

Uingereza wanauliza swali jingine. Malipo yao ya ulemavu yanayoitwa PIP, yaliyoanza mwaka 2013, hayaangalii mshahara wala kama una kazi. Yanauliza unavyoishi: kupika, kuoga, kuvaa, kutembea, na kama unaweza kufanya hayo kwa usalama, kwa kurudia, na kwa muda unaokubalika. Anayetembea mita 50 lakini akasimama mara tatu kuhema anaweza kuhesabiwa kuwa hawezi mita 50. Dereva wa basi mwenye COPD anaweza kulipwa huku akiendesha. Swali hilo linawafaa wagonjwa wa mapafu, ingawa na lenyewe lina miiba. Kila shughuli ina pointi zake, na pointi za wagonjwa hao huwa zinatawanyika, mbili kwenye kupika, mbili kwenye kuoga, mbili kwenye kuvaa. Machi 2025 serikali ilipopendekeza kwamba lazima mtu apate angalau nne kwenye shughuli moja, hao ndio wangekuwa wa kwanza kudondoka. Pendekezo liliondolewa kwenye muswada Julai mwaka huohuo, likasukumwa kwenye mapitio ya waziri Stephen Timms. Na mwenye viza isiyoruhusu fedha za umma haigusi PIP kabisa, hata apumue kwa mtungi. Kiasi chenyewe ni cha kuongezea mshahara. Hakuna anayeishi kwa PIP peke yake. Pengine ndiyo sababu Waingereza wanaweza kuuliza swali la upole.

Turudi Marekani, kwenye umri. Baada ya miaka 50 sheria inalegea: mtu aliyefanya kazi za mwili maisha yake yote, ambaye sasa anaweza kazi ya kukaa tu, na hana ujuzi wa kuhamishia huko, mara nyingi hukubaliwa. Chini ya hapo ataambiwa akakae kwenye meza mahali pasipo vumbi wala moshi. Zamani kutojua Kiingereza kuliweza kumsaidia mwombaji aliyevuka miaka 45. Aprili 2020 kigezo hicho kiliondolewa. Mkimbizi kutoka Kivu aliyekaa miaka kwenye kiwanda cha nyama, anayezungumza Kiswahili tu, anapimwa kana kwamba kazi ya kupokea simu inamsubiri.

Kijana wa miaka 38 mwenye pumu kali, basi, mimi nisingemwambia aache kazi kesho. Aombe kwanza kwa maandishi ahamishwe sehemu ya sabuni kali na vumbi. Sheria inambana mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi amsikilize. Wengine humtisha kwamba huwezi kumwambia mwajiri "naweza nikisaidiwa" na Social Security "siwezi". Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalijibu hilo mwaka 1999, katika kesi ya Cleveland dhidi ya Policy Management Systems: kauli hizo mbili zinaweza kukaa pamoja, kwa sababu Social Security haihesabu msaada ambao mwajiri angeweza kukupa. Unachotakiwa ni kuueleza mgongano huo mwenyewe. Na barua ya kukataliwa ikija, siku za kukata rufaa ni 60, huku shifti zikiendelea.