Mashirika ya Mataifa ya Kwanza Kanada: bosi atoke ndani au nje?

Novemba 2022, Mamlaka ya Maji ya Mataifa ya Kwanza ya Atlantiki, yaani ya jamii za wenyeji wa asili za mashariki mwa Kanada, ilisaini mkataba na serikali ya nchi hiyo. Kwa mkataba huo ilikabidhiwa jukumu la maji safi na majitaka katika jamii zilizojiunga nayo, pamoja na zaidi ya dola milioni 257 za Kanada za kutumika kwa miaka 10. Ndilo shirika la kwanza la maji nchini humo linaloongozwa na wenyeji wa asili, na bodi yake imejaa machifu. Lakini aliyeshika usukani wa utendaji wakati huo, Carl Yates, hakutoka katika ofisi za machifu. Alitokea Halifax Water, shirika la maji la mji wa Halifax, alikokuwa meneja mkuu kwa miaka mingi.

Wapo wanaoliona hilo kama dosari: tumepigania miaka yote hii tujiendeshee mambo yetu, halafu tunakwenda kumwajiri meneja wa mjini? Wengine wanajibu kwa msemo tunaoujua sote: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Neskantaga, kaskazini mwa Ontario, imekuwa chini ya amri ya kuchemsha maji tangu 1995. Mwaka 2015 serikali iliahidi kuziondoa amri zote za muda mrefu kwenye jamii za Mataifa ya Kwanza kufikia Machi 2021, na tarehe ikapita ahadi haijatimia. Katika hali hiyo mtu anayejua namna ya kuendesha mtambo, kupanga bajeti ya matengenezo na kumbana mkandarasi ana thamani kubwa, awe ametoka wapi. Kuna na upande wa fedha. Sheria ya Wahindi ya 1876 (“Wahindi” ni jina la kikoloni la wenyeji wa asili) ingali hai, na kifungu chake cha 89 kinazuia mali yao iliyo ndani ya hifadhi, yaani ardhi waliyotengewa, kukamatwa na mkopeshaji wa nje. Kwa hiyo benki haina dhamana ya kawaida ya kushika, na inachoangalia ni mapato ya shirika na uwezo wa watu wanaoliendesha. Wasifu wa mkurugenzi unasomwa na mkopeshaji kwa makini kama unavyosomwa na bodi.

Sasa tazama umeme. Wataynikaneyap Power ilijengwa kaskazini-magharibi mwa Ontario: kilomita zipatazo 1,800 za nyaya, kwa lengo la kuziondoa jamii 17 kwenye jenereta za dizeli. Mataifa ya Kwanza 24 yanamiliki asilimia 51. Zilizobaki ni za kampuni ya Fortis na wawekezaji wenzake. Mkurugenzi mtendaji aliyeusimamia ujenzi huo ni Margaret Kenequanash wa North Caribou Lake, aliyewahi kuliongoza baraza la Shibogama linalounganisha jamii kadhaa za eneo hilo hilo. Kusimika nguzo msituni ni kazi ngumu, ila wahandisi wa kuifanya wanapatikana sokoni. Kilichokuwa adimu ni mtu wa kukaa na machifu 24, kila mmoja na ardhi yake, makaburi yake na njia zake za uwindaji, wakatoka na neno moja, na mwaka unaofuata likabaki lile lile. Sidhani kama kuna kampuni ya kusaka watendaji ingeweza kumleta mtu huyo kutoka Toronto.

Ndiyo maana naona mjadala wa mwenyeji na mgeni, unavyoendeshwa kwa kawaida, unaruka swali la kwanza: mradi huu ukifa, utauawa na nini? Kama ni pampu na mahesabu, mtafute fundi. Kama ni ridhaa ya watu, mtafute mtu wa watu. Bodi inayochapisha tangazo la kazi kabla ya kujibu hilo huishia kuorodhesha sifa ishirini ambazo hakuna binadamu anazo zote.

Kwenye maji, hata hivyo, kipimo changu kinayumba. Familia iliyochemsha maji kwa miongo mitatu haiyanywi ya bomba kwa sababu tu maabara imesema ni salama. Mtambo unaweza kufanya kazi vizuri huku watu wakiendelea kununua ya chupa. Nadhani machifu wa Atlantiki waliliona hilo: shirika lao lina baraza la wazee la ushauri, na mhandisi anafanya kazi akijua kuna watu wanaomsikiliza wasiovutiwa na grafu.

Ni rahisi kusema tafuteni mwenyeji mwenye taaluma, mambo yaishe. Wapo. Nch'kay, kampuni ya maendeleo ya taifa la Squamish inayohusika na mradi wa Sen̓áḵw mjini Vancouver, minara 11 yenye nyumba zaidi ya 6,000, ilimpa uongozi Mindy Wight, binti wa taifa hilo na mhasibu aliyebobea kwenye kodi. Lakini Squamish wana ardhi katikati ya jiji ghali. Shirika dogo la kaskazini linawagombania watu wa aina hiyo na mabenki, wizara na kampuni za madini, ambazo tangu ripoti ya 2015 ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni walikopelekwa watoto wa wenyeji wa asili, zinawatafuta kwa udi na uvumba.

Halafu, mwenyeji wa wapi? Mmi'kmaq wa Nova Scotia akipelekwa kuongoza shirika la Waanishinaabe wa Ontario ni mgeni pia, kwa lugha na kwa desturi. Na yule wa papo hapo ana binamu kwenye baraza. Chini ya Sheria ya Wahindi mabaraza huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, na mkurugenzi mwenye ukoo upande mmoja anaweza kujikuta nje bila kosa lolote la kikazi. Hapo mgeni ana nafuu, hana shangazi wa kumtetea wala wa kumponza.

Tena kisanduku cha kujitambulisha kama mwenyeji wa asili kwenye fomu hakitoshi. Mwaka 2021 mkurugenzi wa kisayansi wa taasisi ya kitaifa ya afya ya wenyeji wa asili aliwekwa likizoni baada ya CBC, shirika la utangazaji la Kanada, kuhoji madai yake ya ukoo. Kuuliza jamii yenyewe kama inamtambua mwombaji ni sehemu ya usaili, hata kama wanasheria wa ajira wanakunja uso.

Ningekuwa kwenye bodi ya shirika la maji, ningemkubali mgeni kwa mkataba wa miaka mitano, na naibu kutoka jamii hizo aajiriwe siku ile ile, mshahara wake ukiwa karibu na wa bosi. Sehemu ya marupurupu ya mgeni ningeifunga kwenye kazi moja: naibu awe anasaini mikataba mikubwa peke yake kufikia mwaka wa nne. Itagharimu mishahara miwili ya juu, na wafadhili watalalamika. Kwenye shirika la nyaya zinazopita ardhi za mataifa 24, mgeni ningempa cheo cha mhandisi mkuu, basi.