Kamera ya fulu fremu kwa hela ya viazi

Mpwa wangu wa Uyole, hapa Mbeya, ameuza viazi. Msimu umemkubali, ana milioni mbili mkononi na hamu moja tu: Canon 5D Mark III ya mtumba, kamera ya fulu fremu (yenye kihisi kikubwa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), aliyoiona kwa mtu pale Mwanjelwa. Mwenye nayo anataka milioni moja na laki nane, pamoja na lenzi ya milimita 50. Rafiki yake anayepiga naye picha za mahafali anamcheka. Hiyo kamera ni ya 2012, anasema, ina kioo ndani kinachoruka kila ukibonyeza na kupiga kelele kama mlango wa daladala, kampuni zenyewe zimeshahama, nunua isiyo na kioo. Kesi ikaletwa kwangu, kwa kuwa nimezunguka na harusi za mkoa huu miaka mingi kuliko wao wote wawili.

Huyo anayecheka ana hoja. Canon na Nikon hazijaleta DSLR (kamera yenye kioo) mpya ya fulu fremu tangu 2020, na nguvu zao zote sasa ziko kwenye kamera zisizo na kioo. Hizo zinalifuata jicho la mtu zenyewe, na ukichungulia unaona picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Kwa anayejifunza si jambo dogo. Ile zambarau ya taa za ukumbini anaiona palepale, hasubiri kuigundua usiku wa manane akiwa nyumbani. Kanisani nako, wakati wa kiapo, kamera iliyo kimya haikugeuzii shingo za wazee wa kanisa. (Ila ukiitumia ile njia yake ya kupiga kimyakimya chini ya taa za LED, jiandae kuona mistari imekatiza picha.)

Lakini kamera "kupitwa" kumeshusha bei tu, kihisi hakijasinyaa. Cha fulu fremu kina milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Kwenye Canon ndogo za bei nafuu ni kama 22.3 kwa 14.9, hazifiki 335. Tofauti ni zaidi ya mara mbili na nusu, na ukitaka kuiona kwa macho twende ukumbini.

Saa tatu usiku, send-off, bibi harusi mweusi wa kung'aa ndani ya gauni jeupe, taa nusu zimezimwa kwa sababu keki inaingia. Kamera inaliona gauni, inadhani mwanga umetosha, uso unazama gizani. Kesho yake unauinua ule uso kwenye kompyuta, na chenga zinajitokeza shavuni na chini ya kidevu, nyekundu na kijani, kama kamwagiwa mchanga. Kihisi kidogo kwenye ISO (kipimo cha usikivu wa mwanga) ya 2500 kinakupa chenga zinazokaribiana na za fulu fremu kwenye ISO 6400. Kwa ngozi zetu, ambazo kamera inazisukuma upande wa giza kila penye gauni jeupe, nafasi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Utasema tumia flashi. Sawa, mpaka siku mchungaji atakapokwambia hataki kuiona hadi pete zivishwe.

Mashabiki wa Canon wanisamehe hapa: 5D Mark III si bingwa wa kuinua giza. Ukipiga kwa ISO ndogo halafu ukaliinua sana hilo giza kwenye kompyuta, inaleta michirizi. Nikon D750 ya 2014 inaishinda wazi kwa hilo. Mpwa wangu hataki hata kulisikia jina.

Betri haina ubishi mrefu. Kiwandani 5D Mark III imehesabiwa picha kama 950 kwa chaji moja, na EOS R, fulu fremu ya kwanza ya Canon isiyo na kioo, ya 2018, imehesabiwa kama 370. Ukianza saluni saa kumi na mbili asubuhi na baridi ya Julai, ukamaliza saa sita usiku, na umeme umekatika katikati, utajua ni ipi uliyotaka kuwa nayo.

Ninapoachana na mpwa wangu ni kwenye hesabu ya baadaye. Shata ya kamera ile, lile pazia linalofunguka kila ukibonyeza, imekadiriwa kufika mibonyezo 150,000. Harusi moja ukipiga picha 1,500, na mwaka ukapata harusi 40, umekula 60,000. Ikifa, unaifunga kwenye boksi na kuipakia basi la Dar, kilomita zaidi ya 800, na wikiendi hiyo unapiga kazi kwa kuazima. Halafu nikamuuliza kazi zake ni zipi. Mahafali, uwanja wa shule, saa sita mchana, picha zinaishia WhatsApp! Kwa kazi hizo fulu fremu ni suti ya kuendea shambani. Kamera ndogo, lenzi nzuri na flashi vingemtosha, na chenji ingebaki ya mbegu.

"Lakini mjomba, nina send-off mbili na harusi tatu, zote za usiku, na malipo ya awali nimeshapokea."

Hapo nikalegea. Jumamosi tukaenda kuiona, na laptopu, maana Canon hiyo haikuonyeshi idadi ya mibonyezo kwenye menyu yake. Programu ikasoma elfu tisini na kitu. Mwili wa kamera uko mzima. Lenzi nikaimulika kwa tochi ya simu, nikachungulia upande wa pili: nyuzi nyeupe zimetambaa kwenye kioo cha ndani kama utando wa buibui. Ukungu. Mwenye kamera akaapa ni vumbi, kisha akakumbuka kwamba ilikaa Tukuyu masika yote ndani ya begi la ngozi.

Tukachukua mwili peke yake kwa milioni moja na laki tano. Lenzi ameazima kwangu, na yule rafiki yake aliyekuwa anacheka ameshaomba amshikie flashi kwenye harusi ya kwanza.