Afrika ingekuwa na bomu, ingeheshimiwa?

Vijiweni Old Kampala, karibu na msikiti mkubwa ambao Gaddafi aliufadhili na wengi bado wanauita kwa jina lake, kuna hoja isiyochelewa kuibuka kila zinapotangazwa habari za vita. Gaddafi alikubali kuachana na mpango wake wa nyuklia Desemba 2003, na Oktoba 2011 akauawa. Korea Kaskazini ilikataa, ikafanya jaribio lake la kwanza 2006, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kuivamia. Basi, wanasema watu, mnyonge asiye na bomu hana mtetezi.

Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Wanaoitoa waliona Umoja wa Afrika ukiunda kamati ya marais kutafuta suluhu Libya, Uganda ikiwemo, na ndege za NATO zikaendelea kushambulia kana kwamba kamati hiyo haipo. Hasira yao ina msingi. Lakini dawa wanayoipendekeza naiona mbaya, na sababu zake zinaanza pale silaha yenyewe ilipozaliwa.

Desemba 1938 mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani, metali nzito yenye mionzi, kwa nyutroni, chembe ndogo zinazopatikana ndani ya atomu, wakakuta ndani yake bariamu, elementi nyepesi zaidi ambayo hawakuitarajia kabisa. Walioeleza kilichotokea ni Lise Meitner, mwenzao wa miaka mingi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler kwa kuwa na asili ya Kiyahudi, pamoja na mpwa wake Otto Frisch: kiini cha atomu kimepasuka. Kiini kikipasuka hutoa nishati, na hutoa pia nyutroni mbili au tatu zinazoweza kupasua viini vingine, navyo vikapasua vingine. Katika kinu cha umeme wa nyuklia mfululizo huo hudhibitiwa. Katika bomu huachiwa, na yote yanakwisha kabla hata sekunde moja haijatimia.

Kilicho kigumu ni kupata malighafi. Katika urani inayotoka ardhini, ile aina inayopasuka kwa urahisi, urani 235, ni asilimia 0.7 tu. Vinu vingi vya umeme hutumia urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa kiwango cha urani 235, hadi kati ya asilimia 3 na 5. Ya bomu hufikishwa takribani asilimia 90. Njia ya pili ni plutoni, elementi nyingine inayopasuka, inayotengenezwa ndani ya kinu. Kwa hiyo kinu cha umeme na bomu vina asili moja, na anayesema havihusiani kabisa hasemi ukweli wote.

Tarehe 2 Agosti 1939 Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, kumwonya kwamba bomu la aina hii linawezekana na kwamba Wajerumani huenda wakalitafuta. Ndani ya barua hiyo aliandika kuwa chanzo muhimu zaidi cha urani duniani ni Kongo ya Wabelgiji. Alikuwa anazungumzia jirani yetu. Mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ulikuwa na mawe yenye urani nyingi ajabu, mengine hadi asilimia 65, wakati kwingineko duniani mara nyingi haikufika hata asilimia 1. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi ghala moja la Staten Island, New York. Miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likazinunua, na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Manhattan, mpango wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu, ikatoka Kongo. Wakongo walioyachimba mawe hayo chini ya mkoloni hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Vitabu vingi vya historia ya bomu vinawataja mwanafizikia Oppenheimer na Jenerali Groves, viongozi wa mradi huo, katika kila sura, na Katanga kwa mstari mmoja. Hili linaniuma.

Bomu lilitengenezwa kwa hofu ya Hitler. Mwishoni mwa 1944 ilikuwa imeshadhihirika kwamba Ujerumani haina bomu wala haiko karibu kulipata. Mwanafizikia Joseph Rotblat aliacha kazi Los Alamos, maabara ya mradi huo, kwa sababu hiyo, na wenzake wakaendelea. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945. Jaribio la kwanza likafanyika jangwani New Mexico tarehe 16 Julai. Hiroshima ikapigwa 6 Agosti na Nagasaki siku tatu baadaye. Hadi mwaka kwisha walikuwa wamekufa watu takribani 140,000 Hiroshima na zaidi ya 70,000 Nagasaki. Wanaotetea wanasema vita vilifupishwa na uvamizi wa nchi kavu, ambao ungeua wengi zaidi, ukaepukwa. Wanaopinga wanasema Japani ilikuwa imekwisha choka, na kwamba kuingia vitani kwa Wasovieti siku zile zile kungetosha. Wanahistoria hawajakubaliana. Ninachokiona mimi ni kwamba hofu iliyolizaa bomu ilikwisha na bomu likabaki, likatafutiwa hofu nyingine. Wasovieti 1949, Uingereza 1952, Ufaransa 1960, China 1964: kila mmoja alikuwa na adui wa kumtaja.

Ufaransa ilikuja kujaribia lake Afrika. Tarehe 13 Februari 1960 ililipua bomu Reggane, katika Sahara ya Algeria. Nkrumah alizuia mali za Wafaransa nchini Ghana, na Nigeria ikamfukuza balozi wao Januari 1961. Majaribio hayakusimama; yalifika 17 kabla ya kuhamishiwa Pasifiki.

Hapo ndipo inapoeleweka hoja ya Ali Mazrui. Mwana huyu wa Mombasa, aliyekuwa profesa Makerere hadi mapema miaka ya 1970, alisema katika mihadhara yake ya BBC mwaka 1979 kwamba Afrika ijipatie silaha za nyuklia, na akazitaja Nigeria, Zaire na Afrika Kusini itakapokuwa chini ya Waafrika weusi. Hakuwa mshabiki wa vita. Hesabu yake ilikuwa kwamba wakubwa hawataziacha silaha hizi mpaka waone zimeingia mikononi mwa watu wasiowaamini. Wakishtuka ndipo watakubali zifutwe kwa wote.

Alichokiona kuhusu dunia kilikuwa sahihi. Mkataba wa 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo unatambua wenye nyuklia watano tu, waliolipua kabla ya 1967, na wengine wote walioutia sahihi wanakatazwa. Wale watano nao waliahidi kufanya mazungumzo ya kuzipunguza hadi zimalizike. Zaidi ya nusu karne imepita na bado dunia ina vichwa vya nyuklia takribani 12,000. Anayeuita mkataba huo wa upendeleo hajakosea.

Lakini utabiri wa Mazrui tumeushuhudia ukijaribiwa. India, Pakistan na Korea Kaskazini zililipata. Wakubwa walishtuka, wakaweka vikwazo, kisha wakaendelea kuboresha silaha zao. Hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyeziacha.

Tena tujiulize kama watu wa Uganda. Zaire ile aliyoitaja Mazrui, Kongo ya leo, ndiyo iliyosambaratika mbele ya macho yetu mwaka 1996 na 1997, ng'ambo tu ya Rwenzori, jeshi la Mobutu likikimbia na kuacha kambi zake wazi. Mwaka 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wa Kisangani. Nani angekuwa analinda ghala la mabomu? Na kama Idi Amin angekuwa nalo mwaka 1978, alipoivamia Kagera, Tanzania? Mimi sithubutu hata kuifikiria Masaka au Bukoba katika hali hiyo.

Wapo wanaosema bomu limeleta amani, kwa kuwa tangu 1945 mataifa makubwa hayajapigana ana kwa ana. Kuna ukweli hapo, ila sehemu nyingine ilikuwa bahati. Oktoba 1962 ofisa wa manowari ya Kisovieti, Vasili Arkhipov, alikataa kuunga mkono kurushwa kwa kombora la majini lenye kichwa cha nyuklia karibu na Kuba. Septemba 1983 Stanislav Petrov aliona mitambo ikimwambia makombora ya Marekani yanakuja, akaamua ni hitilafu. Ilikuwa hitilafu kweli. Na vita ambavyo wakubwa hawakupigana kwao waliviunga mkono kwetu, Angola na Ogaden.

Kuhusu Gaddafi mwenyewe, alichokisalimisha hakikuwa bomu. Kilikuwa mashine za kurutubishia urani alizonunua kwa magendo, nyingine bado zimo kwenye makasha. Alikuwa njiani, na njiani ndipo penye hatari kubwa: kinu cha Iraq kilipigwa na Israeli mwaka 1981 kabla hakijaanza kazi. Korea Kaskazini nayo ilikuwa na China nyuma yake, na mizinga iliyoielekea Seoul, miaka mingi kabla ya 2006.

Mfano unaonisumbua ni Ukraine. Mwaka 1994 ilikubali kurudisha silaha za Kisovieti zilizobaki kwake, ikaahidiwa kwamba mipaka yake itaheshimiwa, na Urusi, mmoja wa walioahidi, ikaivamia. Ni kweli kwamba mamlaka ya kuzifyatua yalikuwa Moscow. Hata hivyo ahadi ilivunjwa, na siwezi kumlaumu mtu anayetoa mfano huo.

Mfano wa bara letu ni Afrika Kusini. Serikali ya makaburu iliunda mabomu sita, ikayavunja, na Rais de Klerk akalitangazia bunge Machi 1993. Huenda haikutaka kuwaachia ANC silaha hiyo. Lakini ANC waliposhika nchi hawakuyaunda upya, na mkataba wa Afrika isiyo na nyuklia wa 1996 ukapewa jina la Pelindaba, kituo cha utafiti wa nyuklia karibu na Pretoria. Sijaona heshima waliyoipoteza kwa kufanya hivyo.

Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya kutibu saratani iliyokuwepo hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika, na nchi nzima ikabaki bila nyingine hadi mpya ilipozinduliwa 2018. Kwa nchi iliyopitia hayo, elimu ya atomu ina kazi nyingi za kufanya kabla ya kufikiria bomu. Serikali sasa inapanga kujenga kinu cha umeme Buyende. Siupingi mpango huo, ila wabunge waulize mapema mafuta ya kinu yatatoka kwa nani, mabaki yenye mionzi yatazikwa wapi, na wakaguzi wa kimataifa wataingia bila vikwazo au la.

Mwaka 2017 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi 122 zilizopitisha Umoja wa Mataifa mkataba wa kupiga marufuku silaha hizi, na Januari 2024, pale Munyonyo, ikapokea uenyekiti wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote kwa miaka mitatu. Ningependa kuona kiti hicho kikitumiwa kuwadai wale watano, kwa majina, ratiba ya kutimiza ahadi ya 1968, na kuweka mezani fidia ya Shinkolobwe na Reggane.